Masomo ya mtoto mdogo nyumbani, hata kama nyumba ni hema



Vita inapofika, kila mtu anachukua kile anachoweza: mtoto mgongoni, sufuria, kikwembe, bidoni ya maji. Shamba linabaki. Shule inabaki pia. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi nyingi zilizokuwa kandokando ya Goma zilibomolewa au ziliachwa, na familia ambazo zilikuwa zimekwisha kuhama mara mbili au tatu zikafunga tena mizigo. Watoto waliokuwa wameanza kuzoea mahali pa kucheza na mtu wa kuwaimbisha wakaanza upya.

Katika somo hili tunataka kuzungumza juu ya shule ambayo haibaki nyuma. Ni ile ambayo mama, baba, nyanya au dada mkubwa anamfanyia mtoto wa miaka mitatu mpaka mitano, kabla hajafikia umri wa kuingia shule ya msingi. Wengi wanafikiri kwamba masomo haya ni ya wale wenye pesa ya kulipa shule ya maternelle. Sivyo. Mtoto anajifunza kila siku, tukimfundisha au tusipomfundisha. Kama sisi hatumfundishi, anafundishwa na yale anayoyaona na kuyasikia, na wakati wa vita yale anayoyaona na kuyasikia si mazuri.

Wahenga walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Tunahitaji nini?

Hatuhitaji vitabu wala ubao. Tunahitaji vifuniko vya chupa, vijiti, mawe madogo, maharagi, kipande cha kartoni na kaa la moto lililozimika la kuchorea. Udongo mweusi wa volkano ukisawazishwa kwa mkono ni ubao mzuri kuliko ule wa duka, kwa sababu hauishi na haulipiwi. Lakini tuangalie: mtoto mdogo anapenda kuingiza maharagi puani au sikioni. Kwa hiyo aliye chini ya miaka mitatu apewe vitu vikubwa, na mtu mzima awe karibu.

Tunahitaji pia dakika kumi asubuhi na dakika kumi jioni. Ziwe saa zilezile kila siku. Kwa mtoto aliyekimbia usiku, kujua kwamba baada ya uji kuna mchezo na mama ni dawa. Anaanza kuamini tena kwamba kesho itafanana na leo.

Somo la kwanza: Mimi ni nani

Tunaanza hapa kwa sababu somo hili linaweza kumwokoa mtoto. Wakati wa mbio watoto wanapotea. Mtoto akiulizwa jina la mama yake, anajibu «Mama». Akiulizwa anatoka wapi, anajibu «Kwetu». Msalaba Mwekundu unasaidia bila malipo kutafuta familia za watoto waliopotea, lakini kazi inakuwa ngumu sana kama mtoto hana jina la kutaja.

Kwa hiyo mtoto wa miaka minne ajue jina lake lote, jina la kweli la baba na la mama, jina la kijiji chake na la teritwari yake. Tumwimbishe kama wimbo mdogo wakati wa kumwogesha. Tumfundishe pia ni nani wa kuambiwa maneno hayo kama amepotea: muuguzi, mwalimu, kiongozi wa kambi, mtu wa Msalaba Mwekundu. Baba, hii ni kazi yako pia. Watoto wengi wanajua jina la simu ya baba kuliko jina la baba mwenyewe.

Somo la pili: Maneno na hadithi

Mtoto ambaye amesikia maneno mengi nyumbani hapati shida sana ya kusoma baadaye. Tuongee naye wakati wa kazi. Tukienda majini: bidoni hii ni tupu, hii imejaa, hii nyepesi, hii nzito. Tukichambua sombe: jani hili kubwa, hili dogo. Tusimwambie tu «leta» na «nyamaza». Tumwulize maswali yasiyo na jibu la ndiyo au hapana: unafikiri chukudu ile imebeba nini? Kwa nini mvua inatupata tukiwa ndani ya hema?

Tutumie lugha gani? Tuanze na ile ambayo mtoto anaijua vizuri, iwe Kihunde, Kinande, Kishi, Kinyarwanda, Kifuliru au nyingine. Kiswahili kitakuja upesi kwa sababu anacheza nacho nje. Kifaransa kingojee shule. Mtoto anayeelewa vizuri lugha moja anajenga ya pili juu yake, na anayekatazwa lugha yake anajifunza kuona haya kwa ajili ya wazee wake.

Jioni tutege vitendawili na kutoa hadithi za sungura na fisi kama tulivyopewa na babu zetu. Baada ya hadithi tuulize: nani alikosa? Wewe ungefanya nini? Hapo mtoto anajifunza kufikiri.

Somo la tatu: Hesabu

Mzazi mmoja alitwambia kwa furaha kwamba mtoto wake anahesabu mpaka ishirini. Tukamweka mtoto mbele ya rundo la vifuniko, tukamwomba atupe vitatu. Akatupa vyote. Alikuwa anajua wimbo wa namba, lakini hajajua hesabu.

Tumfundishe hivi: kila neno na kitu chake. «Moja», anaweka kifuniko. «Mbili», anaweka kingine. Tukae kwenye tano mpaka azoee, ndipo tufike kumi. Tumpe kazi za kweli: weka vijiko, kila mtu kimoja. Tuko sita, sahani ziko nne, zinakosa ngapi? Apange mawe kutoka dogo mpaka kubwa. Atenge maharagi mekundu na meupe. Mtoto akifika shuleni na hesabu hii mikononi, mwalimu mwenye wanafunzi wengi darasani hatamwacha nyuma upesi.

Somo la nne: Mkono na herufi

Mtoto wa miaka mitatu anashika kijiti kwa ngumi yote. Tusimlazimishe kuandika. Achore mistari, mviringo, njia ya nyoka. Afinyange udongo, afunge na kufungua kamba. Karibu na miaka mitano, tumchoree chini herufi ya kwanza ya jina lake, aifuate kwa kidole. Kisha ya pili. Jina lake ndilo kitabu chake cha kwanza.

Akichora bunduki au nyumba inayoungua, tusimcheke wala tusimpige. Tukae karibu, tumwambie: nieleze. Asipotaka kusema, tumwache. Mtoto anayerudia kukojoa kitandani, anayelia usiku au asiyetaka kucheza kabisa si mkaidi. Ana uzito moyoni. Fimbo inauongeza. Hali ikiendelea kwa wiki nyingi, tumpeleke kituo cha afya.

Somo la tano: Usiguse

Mahali palipopigwa vita panabaki mabomu ambayo hayajalipuka. Kwa mtoto yanafanana na mpira au kopo. Tumfundishe kama mchezo, tena na tena: ukiona kitu cha chuma usichokijua, simama. Usiguse. Rudi kwa njia ileile uliyopita. Ita mtu mzima. Mzazi naye asikiguse, amjulishe kiongozi.

Somo la sita: Mwenzangu

Hili ndilo somo ambalo tunalifundisha bila kujua. Siku moja tulikuwa na mtoto wa miaka minne aliyekuwa anapanga mawe. Alitengeneza familia: baba, mama, watoto. Mawe matatu akayatupa mbali. Tulipomwuliza, alisema: «Hawa ni wale wabaya», akataja jina la kabila. Wazazi wake walishangaa, walisema hawajamfundisha hivyo. Ni kweli, hawakukaa naye chini kumfundisha. Lakini kila jioni, wakubwa walipoota moto na kuzungumza habari, yeye alikuwa palepale anacheza na mawe yake.

Mtoto hazaliwi na chuki ya kabila. Anaipokea kama anavyopokea lugha, kwa kusikia. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliukubali mwaka 1990, unasema katika kifungu cha 29 kwamba elimu ya mtoto imwandae kuishi kwa amani, kuvumiliana na kuwa rafiki wa watu wa makabila yote. Kazi hiyo haingojei shule.

Hatusemi tuwadanganye watoto. Mtoto akiuliza: «Nani alichoma nyumba yetu?», tumjibu ukweli unaomtosha: «Watu wenye silaha waliichoma. Walifanya vibaya. Sasa uko pamoja nasi.» Tuwataje waliofanya tendo, tusitaje kabila zima, kwa sababu yule anayecheza naye kisimani kesho atakuwa wa kabila hilo. Tumfundishe kusalimia jirani kwa lugha ya jirani: Muraho, Wabukire, Asinge. Tumfundishe kungoja zamu yake, kugawa muwa, kusema «nimekasirika» badala ya kupiga, kuomba msamaha na kuupokea. Na wasichana wapewe masomo hayahaya kama wavulana.

Neno kwa viongozi

Marais wa kambi, mashefu, wakubwa wa kartie, mnaweza kufanya mambo matatu bila kungoja msaada. Kwanza, tengeni mahali padogo pa watoto kucheza, mbali na barabara na visima, na wamama wapeane zamu ya kuwaangalia. Kikundi kiwe cha watoto wa sehemu na makabila mbalimbali. Pili, wakumbusheni wazazi kuandikisha kila mtoto anayezaliwa. Tangu sheria ya familia ilipogeuzwa mwaka 2016, siku za kuandikisha ni 90. Zikipita, itabidi kupitia hukumu ya tribinali, na hiyo inasumbua familia maskini. Tatu, mtoto akifika miaka sita, fuatilieni aingie shule. Katiba ya mwaka 2006 inasema shule ya msingi ya serikali ni ya bure na ya lazima, na tangu 2019 serikali ilianza kuitekeleza neno hilo.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Mtoto wako wa miaka minne akipotea leo, ataweza kusema nini juu yake na juu yenu?
2. Ni kazi gani ya nyumbani unayoweza kuigeuza somo la hesabu kesho asubuhi?
3. Jana jioni, watoto walisikia nini tulipokuwa tunazungumza?
4. Katika kambi au kartie yetu, watoto wa makabila tofauti wanacheza pamoja wapi? Kama hakuna mahali, nani atapatenga?

Zoezi la wiki: chagua somo moja tu kati ya haya sita. Lifanye dakika kumi kila siku kwa siku saba. Kisha mwite jirani, umwonyeshe yale mtoto anayoyajua sasa. Haba na haba hujaza kibaba.

Hatujui siku ya kurudi nyumbani. Lakini siku hiyo ikifika, watoto hawa ndio watakaojenga upya kijiji, pamoja na watoto wa wale tuliogombana nao. Tuanze leo kuwatayarisha kwa kazi hiyo.