Kodi Hutoka Mfukoni mwa Nani?

Kodi yoyote huulizwa maswali mawili: inakwenda kufanya nini, na inatoka mfukoni mwa nani. Wengi wetu huishia kwenye la kwanza. Tarehe 15 Julai 2021 Tanzania ilipoanzisha tozo ya miamala ya simu, shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi kinachotumwa au kutolewa, lengo lililotajwa lilikuwa jema: vituo vya afya na madarasa. Nani angepinga zahanati? Lakini wema wa lengo haujibu swali la pili. Kodi ya mshahara hupima uwezo wa mtu. Kwa viwango vilivyoanza mwaka huohuo, mwenye kipato cha kutozwa kodi cha shilingi 270,000 kwa mwezi halipi kitu, wa 300,000 hulipa 2,400, na wa 1,000,000 hulipa 128,000. Tozo haikumpima mtu, ilihesabu safari za fedha. Mwalimu aliyekwisha kukatwa kodi ya mshahara alikatwa tena alipomtumia mama yake fedha ya dawa, na mama naye akakatwa alipokwenda kuitoa kwa wakala. Fedha ileile, na kati ya mwalimu na mama yake hakuna aliyepata faida.

Watetezi wa tozo wana hoja ya kusikilizwa: Watanzania wengi wako katika sekta isiyo rasmi, kodi ya mshahara haiwafikii, na haifai wachache wabebe mzigo wa wote. Ni kweli kwamba nchi haijengwi na wachache. Si kweli kwamba mkulima na mamantilie hawalipi. Ndani ya bei ya sabuni wanayonunua dukani mna Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18. Isitoshe, tozo inaweza kujila yenyewe. Mtu akiona nafuu kumkabidhi kondakta wa basi noti taslimu, Serikali hukosa tozo na pia kodi iliyomo katika ada ya kampuni ya simu. Njia ya haki zaidi ni kuwatafuta wenye kipato kikubwa ambao bado hawajasajiliwa, kazi ngumu kuliko kukata kila muamala, lakini ndiyo inayopima uwezo.

Serikali ilipunguza tozo hiyo kwa asilimia 30 Septemba 2021. Mwaka 2023 ikaiondoa kwenye kutuma na kuibakiza kwenye kutoa. Kosa limesahihishwa nusu.