Somo kwa Walimu wa Vijana: Mlango wa Uwanja

Vijana wa siku hizi hupenda kwenda katika sikukuu za muziki wa umeme zifanywazo mahali pa wazi. Muziki huo haupigwi kwa ngoma ya ngozi wala kwa zumari, bali hutengenezwa kwa mitambo, ukatoka katika vipaza sauti virefu kama nyumba, na watu hucheza tangu adhuhuri hata usiku. Wazee wakisikia habari hizi huuliza kwanza juu ya mavazi na vileo. Maswali hayo yana mahali pake. Lakini leo twataka kuuliza lingine, ambalo ni wachache waliulizalo: je, watu wale huingia kwa njia gani, nao hutoka kwa njia gani?

Na tutazame yaliyotokea Ujerumani. Mwaka 1989, katika Berlin ya Magharibi, mpiga muziki aitwaye Dr. Motte alikusanya watu wapatao 150, wakalifuata gari lenye vipaza sauti, wakicheza barabarani. Sikukuu hiyo ikaitwa Love Parade, maana yake maandamano ya upendo. Ikakua mwaka kwa mwaka, hata mwaka 1999 waandaaji wakahesabu watu zaidi ya milioni 1. Siku zile walikusanyika katika barabara pana ipitayo katikati ya bustani kubwa. Aliyesongwa aliweza kwenda kando chini ya miti, akapumua.

Baadaye sikukuu ilihamia miji ya magharibi: Essen mwaka 2007, Dortmund mwaka 2008. Mwaka 2009 mji wa Bochum ulikataa kuipokea, ukisema hauna nafasi ya watu wengi namna ile. Sisi twaona ya kuwa kukataa huko kulikuwa hekima.

Mwaka 2010 ikapokewa na mji wa Duisburg, katika uwanja uliokuwa zamani kituo cha treni za mizigo. Uwanja ulizungushiwa ua. Watu walipita chini ya ardhi katika mashimo ya barabara, wengine wakitoka mashariki, wengine magharibi, wakakutana katikati, na hapo wote wakapanda kwa njia moja ya mteremko yenye kuta pande mbili. Na waliotaka kwenda nyumbani walishuka kwa njia iyo hiyo. Tarehe 24 Julai, yapata saa 11 jioni, wenye kupanda na wenye kushuka walizuiana. Waliokuwa nyuma hawakujua yaliyo mbele, wakazidi kusogea. Wengine waliona ngazi nyembamba ukutani, wakaielekea kama mlango wa wokovu. Hapo karibu na ngazi wakafa watu 21, na zaidi ya 600 wakaumia. Huko juu uwanjani muziki uliendelea kupigwa, kwa maana wakubwa waliogopa kwamba wakiuzima watu wote watatoka kwa mara moja.

Tarehe 31 Julai ibada ya maombolezo ilifanywa katika kanisa la Salvatorkirche mjini humo. Kesi ilianza mwaka 2017, ikafungwa mwaka 2020 bila hukumu.

Sasa tuangalie neno letu la Kiswahili. Jambo kama hili twaliita kukanyagana, na neno hilo hutudanganya, kwa kuwa lafanya tudhani ya kwamba watu waliingiwa na wazimu wakakimbia juu ya wenzao. Sivyo. Waliokufa Duisburg walibanwa vifua hata pumzi ikakosa nafasi ya kuingia. Wataalamu waliochunguza picha za siku ile wasema kwamba watu wakisongamana sana, mwili wa mtu hauongozwi tena na nia yake. Kundi lote huyumba kama maji katika ndoo, na mtu huchukuliwa asikotaka. Basi kuwalaumu wafu kwa kukosa adabu ni dhuluma. Kosa lilikuwa katika njia.

Wala tusiseme hayo ni ya wacheza muziki peke yao. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa katika mkutano wa maombi, walipoukimbilia mlango mmoja ili wakanyage mafuta. Pale palikuwa na maombi, hapakuwa na muziki wa umeme, lakini mlango ulikuwa mwembamba vilevile.

Kwa hiyo mwalimu atakayefuatana na vijana yampasa afike mapema, azunguke uwanja, aitafute milango yote, na kuwaonyesha. Na wapatane mahali pa kukutania nje, kwani simu hushindwa penye watu wengi. Wasisimame karibu na ukuta wala ua. Kijana akiona kwamba mabega yake yamebanwa pande zote, aondoke saa ile ile, asingoje wimbo umalizike. Akiisha kubanwa, aweke mikono mbele ya kifua ili kuilinda pumzi, asishindane na wimbi la watu. Likitulia, apenye kwenda kando kidogo kidogo. Kitu kikianguka asikiinamie, bali mtu akianguka ainuliwe mara moja.

Na mwalimu akikuta ya kuwa njia ya kuingia na ya kutoka ni moja tu, nayo ina kuta, awarudishe vijana nyumbani, hata kama viingilio vimekwisha kulipwa.