Magitaa Matatu Chini ya Kitanda Kimoja

Chumba chetu cha hosteli kina dabodeka mbili, watu wanne, feni moja, na hadi muhula uliopita kilikuwa pia na magitaa matatu. Yote matatu yalikuwa yangu: moja kavu, moja la besi, moja la umeme. Mwenzangu wa kitanda cha juu aliyavumilia mawili ya kwanza bila neno. Siku niliyoingia na la tatu aliinama, akaangalia sanduku lake lilivyosukumwa hadi ukutani, akaniuliza, "Kwani dada, wewe una mikono mingapi?"

Nilicheka, ila jibu sikuwa nalo. Nikajitetea kwamba kila gitaa lina kazi yake, kwamba wapiga magitaa wote wako hivyo. Na kweli kuna mzaha unaozunguka kwa wapigaji dunia nzima, kwamba idadi sahihi ya magitaa ni yale uliyo nayo sasa, ongeza moja. Mzaha mtamu sana, hasa wiki ambayo bumu limetoka. Mimi nimeshauona ulaji wake, kwa hiyo makala hii naiandika kama somo, kwa yeyote anayepiga gitaa hapa chuoni au anayefikiria kuanza.

Sisi wa ualimu tunafundishwa kuandika andalio la somo kwa mpangilio maalumu. Kwanza lengo, yaani mwanafunzi aweze kufanya nini baada ya dakika arobaini. Zana za kufundishia zinakuja baadaye. Mwalimu anayeanza na zana ("nina tufe zuri la dunia, leo nifundishe nini?") anapoteza kipindi. Nikajiona kwenye kioo. La umeme nililinunua kwa sababu nililiona Kariakoo, jekundu, linang'aa, na muuzaji akakubali kupunguza hadi 280,000. Lengo nililitafuta njiani nikirudi, ndani ya daladala, nikiwa nimelipakata.

Basi nikachukua daftari. Kwa wiki nne, kila nilipogusa gitaa niliandika vitu vitatu: gitaa gani, kwa ajili ya nini, na muda gani. Mwisho nilikuwa na vikao 31. Gitaa kavu 22, besi 7, la umeme 2. Hata hivyo viwili vya la umeme vilikuwa vya aibu, maana amplifaya sina. Gitaa la umeme bila amplifaya linalia kama mbu ndani ya chandarua. Nililipiga nikiwa nimeliegemeza kwenye mlango wa kabati ili mbao zisaidie kukuza sauti!

Jaribu daftari hilo kabla hujatoa hela. Usiandike unachotaka kupiga, andika ulichopiga.

Sasa tuje kwenye ufundi, maana kuna tofauti za magitaa ambazo ni za kweli na nyingine ni za macho tu. Swali la kuuliza ni hili: ipo sauti ninayoihitaji ambayo gitaa nililo nalo haliwezi kabisa kuitoa, hata nikijitahidi vipi?

Besi inafaulu mtihani huo. Uzi mnene kuliko wote wa gitaa la kawaida, ule wa E, unatetema takriban mara 82 kwa sekunde. E ya besi ni mara 41. Hiyo ni oktavu nzima chini, na hakuna namna ya kukaza au kulegeza itakayokufikisha huko ukabaki na sauti ya maana, kwa sababu uzi ukilegea mno unapigapiga freti na kukwaruza. Kwa hiyo anayepiga besi kwenye kwaya anahitaji besi. Hakuna ujanja hapo.

Gitaa la nyuzi za nailoni na lile la nyuzi za chuma nayo ni vyombo viwili tofauti, ingawa ukiyatazama kwa mbali ni ndugu. Nyuzi za chuma zinavuta kwa nguvu zaidi sana. Ukizifunga kwenye gitaa lililotengenezwa kwa ajili ya nailoni, shingo inaweza kupinda au ile mbao inayoshika nyuzi kwenye tumbo ikang'oka. Nimeona gitaa lililong'oka hivyo, mwenyewe alikuwa amelia nusu saa. Gitaa la umeme nalo lina kanuni yake, na waliosoma fizikia kidato cha tatu na cha nne wataikumbuka: chini ya nyuzi kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma ukitetema juu yake, uga wa sumaku unatikisika na umeme kidogo unazaliwa kwenye waya. Ndiyo maana ukifunga nyuzi za nailoni mle, amplifaya inabaki kimya.

Hizo ndizo tofauti za kweli. Zilizobaki nyingi zina dawa ya bei rahisi. Mwimbishaji wetu wa kwaya ana tabia ya kubadili ufunguo katikati ya mazoezi. Tunapiga G, ghafla anasema tupandishe hadi A kwa ajili ya soprano. Zamani nilikuwa nadhani hilo ni tatizo la gitaa. Kumbe ni kapo tu. Naibana freti ya pili, vidole vinaendelea na maumbo yaleyale ya G, na sauti inatoka A. Kapo yangu niliinunua kwa hela ya chips mayai mara tatu.

Mtu atasema, mbona wakubwa wana mengi? Ndiyo, kwenye jukwaa kubwa kuna sababu za kikazi. Keith Richards wa Rolling Stones anajulikana kwa gitaa la nyuzi tano lililofungwa kwa G ya wazi. Huwezi kusimamisha uwanja mzima ukilegeza nyuzi kwa ajili ya wimbo mmoja, halafu uzikaze tena kwa wimbo unaofuata. Anabadilishiwa gitaa. Tena uzi ukikatika jukwaani, lazima lingine liwe pembeni tayari. Mimi uzi ukinikatikia hosteli, ninaowasimamisha ni wenzangu watatu, na hao watafurahi.

Halafu wapo wakubwa waliokaa na moja. Willie Nelson wa Marekani anapiga lilelile gitaa la nyuzi za nailoni tangu 1969, analiita Trigger, na limetoboka tumboni kwa kukwaruzwa miaka yote hiyo. Brian May wa Queen alianza kujitengenezea gitaa lake na baba yake mwaka 1963, akiwa kijana wa shule, kwa mbao ya fremu ya zamani ya mahali pa moto, na hilohilo ndilo alilolipiga kwa sehemu kubwa ya kazi yake. Huku kwetu karibu, Franco Luambo wa Kinshasa alianza utotoni na gitaa la kujitengenezea.

Ila mimi ninayemfikiria zaidi ni Jean-Bosco Mwenda wa Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, akiimba kwa Kiswahili chao cha kule. Gitaa kavu moja, gumba na kidole cha shahada. Sikiliza "Masanga" ukiwa umefumba macho, utaapa wapo watu wawili: mmoja kashika nyuzi za chini zinazotembea kama besi, mwingine anapiga solo juu. Nilikaa jioni nzima najaribu kipande cha mwanzo, gumba langu likakataa kutengana na kidole. Siku ile nilielewa kwamba nilichokuwa nakosa ni gumba linalosikia, na la umeme jekundu lisingenipa hilo.

Gharama ya kununua ni mwanzo tu. Hapa pwani hewa ina unyevu na chumvi, jasho la hosteli isiyo na kiyoyozi linaongeza lake, na nyuzi za chuma zinashika kutu haraka hata usipozigusa. Nyuzi za besi ni ghali kuliko za gitaa la kawaida, tena kwa mbali. Magitaa matatu ni seti tatu za kubadilisha, mifuko mitatu, na nafasi tatu chini ya kitanda ambacho kina miguu minne tu. Mwaka jana nilihesabu nyuzi zangu: kati ya 16 nilizokuwa nazo, 6 za la umeme zilikuwa zimeota kutu bila kupigwa wimbo hata mmoja hadi mwisho.

Kuna jambo lingine nilitaka kuliruka. Wiki niliyonunua gitaa la umeme, mdogo wangu alikuwa anajiandaa kuripoti kidato cha tano, shule ya bweni, mkoa wa mbali. Fomu ya kujiunga ina orodha ndefu mnaijua wenyewe: godoro, shuka, ndoo, fagio, sijui reki. Mama alishapata nauli na ada, mimi niliahidi godoro na shuka. Alipopiga simu kuuliza, "Dada, bumu bado tu?", nilimjibu bado. Nilimjibu hivyo nikiwa nimekaa kitandani, gitaa limelala pembeni yangu bado lina nailoni ya dukani. Aliripoti bila godoro.

Kwa hiyo ninapoandika "hitaji", siandiki neno la darasani.

Tukirudi kwenye hesabu, kuna swali ambalo sikuwahi kulitenga hadi mwalimu mmoja wa muziki aliponikumbusha historia ya dansi letu. Kuhitaji gitaa ni jambo moja, kulimiliki ni lingine. Miaka ya 1960 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilikuwa na bendi yake, NUTA Jazz, ile ambayo baadaye ikaja kuwa Msondo Ngoma. Vyombo vilikuwa vya chama na wanamuziki walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Ndivyo zilivyokuwa bendi nyingi za wakati ule: mpiga solo, mpiga rithim, mpiga besi, kila mmoja anashika chombo cha bendi, anakicheza hadi usiku wa manane, anakiacha ukumbini, anarudi nyumbani mikono mitupu. Muziki tunaousikia bado kwenye redio Jumapili ulipigwa na watu ambao wengi wao hawakuwa na gitaa chini ya kitanda.

Nikaangalia tena daftari langu. Vile vikao 7 vya besi, vyote vilikuwa vya mazoezi ya kwaya na ibada. Sikuwahi kuipiga chumbani hata mara moja. Basi kwa nini ilale chumbani? Nikaongea na mwenyekiti wa kwaya, besi ikahamia kwenye kabati la vyombo, mimi na kijana mwingine wa mwaka wa kwanza tunaipiga kwa zamu, na kwaya inanunua nyuzi. Bado ni yangu kwa jina. Kusema kweli hata hilo jina nimeanza kulisahau.

La umeme niliuza kwa 200,000. Hasara ya 80,000, na hiyo ndiyo ada ya somo hili. Pesa nilimtumia mdogo wangu jioni ileile. Alikuwa ameshalala wiki tatu akibanana na mwenzake kwenye godoro moja. Hakuuliza imetoka wapi, na mimi sikusema. Atasoma hapa kama gazeti hili litamfikia.

Limebaki kavu. Mwezi ujao tunaenda mafunzo kwa vitendo, na barua yangu inaonyesha shule ambayo, kwa maelezo ya waliotutangulia, umeme unakuja na kuondoka upendavyo. Nitaenda nalo, na kapo, na seti mbili za nyuzi maana sitegemei kupata duka la nyuzi huko. Nimeshaanza kufikiria namna ya kufundisha mdundo wa mashairi kwa kidato cha pili kwa kutumia gumba la Bosco, kama hadi siku hiyo litakuwa limekubali.

Na sasa kuhusu sisi wa chama. Stoo ya vyombo vyetu ina magitaa mawili kavu, nimeyaona kwa macho yangu siku ya tamasha la kuwakaribisha mwaka wa kwanza. Moja lina nyuzi nne, lingine halina hata moja. Seti mbili za nyuzi na daftari la kuazima vingetosha watu kumi kujifunza bila yeyote kula bumu lake. Nimeulizia ufunguo mara mbili, na mara zote nimeambiwa mwenye ufunguo yuko field. Mwenzangu wa kitanda cha juu ameniambia akipatikana nimwite, anataka kujua kodi ya G inabanwaje.