Hoteli ya Kisasa Ndani ya Mji wa Kale: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kulipa

Lengo la somo

Somo hili linawahusu wakazi wa Kibiti na wa vijiji vya delta ya Rufiji ambao husafiri kwenda Mji Mkongwe wa Unguja kwa harusi, biashara, matibabu au mapumziko, na hulazimika kulala hotelini. Baada ya kulisoma, mlaji aweze kulipima neno "kisasa" analolikuta katika tangazo, atambue lipi ana haki ya kulidai na lipi jengo la kale haliwezi kumpa, na azilinde fedha zake kabla hazijamtoka mkononi.

Jengo la kale na masharti yake

Mji Mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Nyumba zake nyingi zilijengwa katika karne ya 19 kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na sakafu za ghorofa zake zikabebwa na boriti za mikoko. Watu wa delta wanazifahamu boriti hizo kuliko wageni wengi, kwa kuwa kwa muda mrefu majahazi yalizipakia Rufiji na kuzipeleka Unguja na nchi za Ghuba. Mwenye kuijua boriti anaujua pia mpaka wake: ikizidi urefu hupinda, wala haihimili uzito wa sakafu. Ndiyo maana upana wa chumba cha kale ulifuata urefu wa boriti, na mara nyingi ni mita 3 au pungufu.

Yapo na mengine yatokanayo na ujenzi huo. Kuta nene huzuia joto, lakini huzuia pia mawimbi ya simu na ya intaneti. Ngazi ni za mwinuko mkali. Vichochoro ni vyembamba, hata gari haliwezi kufika mlango wa kila hoteli. Aidha, mmiliki hawezi kubadili jengo apendavyo. Mji huo unasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985, na mabadiliko ya majengo huhitaji kibali. Kukosekana kwa lifti, basi, si lazima kuwe uzembe wa mwenye hoteli.

Hata hivyo, hoteli zinazojiita za kisasa hazifanani. Jengo la kale la Mambo Msiige huko Shangani, kwa mfano, limeunganishwa na jengo jipya na kuwa hoteli kubwa. Kwingineko, hoteli ni nyumba ya kale iliyotiwa kiyoyozi na mabomba mapya. Zote mbili zaweza kutumia neno "kisasa" bila kusema uongo. Neno hilo peke yake halimpi mlaji kitu cha kushika. Ni lazima aligeuze kuwa maswali.

Mfano wa kujifunzia

Tuchukulie familia ya mkulima wa korosho wa Kibiti inayokwenda Unguja kwenye harusi, pamoja na bibi mwenye maumivu ya magoti. Wameona tangazo lisemalo: "Hoteli ya kisasa katikati ya mji wa kale, karibu na bandari, vyumba vyote vina kiyoyozi." Wanatuma nusu ya malipo kwa simu. Walipofika, teksi iliwashusha mbali na mlango. Chumba kilikuwa ghorofa ya tatu, chembamba, na lifti haikuwepo. Usiku umeme ulikatika na kiyoyozi kikazimika hadi asubuhi. Siku ya kuondoka waliongezewa kodi ambayo hawakuwa wameambiwa.

Familia hii ina malalamiko manne, nayo hayana uzito sawa.

Kuhusu chumba chembamba, madai yao ni dhaifu, maana tangazo halikutaja ukubwa wowote, na chumba kinafuata umbo la jengo.

Kuhusu ngazi, tangazo halikuahidi lifti, na familia haikuuliza. Lau wangeuliza na kujibiwa kwamba lifti ipo, au kwamba watapewa chumba cha chini, hali ingekuwa nyingine kabisa: jibu hilo lingekuwa ahadi, na kuivunja kungekuwa kumpotosha mlaji.

Kuhusu kiyoyozi, wana hoja. Hoteli ilitangaza huduma hiyo bila sharti. Kukatika kwa umeme si kosa la mwenye hoteli, lakini kutosema kwamba hana jenereta, au kwamba jenereta lake haliendeshi viyoyozi, kumewanyima wageni taarifa waliyoihitaji. Unguja hupata umeme kutoka Tanzania Bara kupitia waya uliolazwa chini ya bahari, na mwaka 2008, tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kilikaa gizani kwa wiki nyingi. Swali la jenereta, kwa hiyo, si la anasa.

Kuhusu kodi, wana hoja nzito zaidi. Bei aliyotajiwa mlaji ndiyo iliyomfanya akubali. Nyongeza isiyotajwa mapema inaifanya bei ile ya kwanza kuwa ya kupotosha.

Maswali saba ya kuuliza

1. Chumba tutakachopewa kipo ghorofa ya ngapi, na je, lifti ipo?
2. Gari linaishia wapi, na ni mwendo wa dakika ngapi kwa miguu hadi mlangoni? Je, kuna mtu wa kutusaidia mizigo?
3. Chumba kina dirisha la nje au linatazama uani? Kina ukubwa gani na vitanda vingapi?
4. Umeme ukikatika, jenereta lipo? Linaendesha taa na feni tu, au kiyoyozi pia?
5. Bei kamili kwa usiku mmoja ni shilingi ngapi, kodi na tozo zote zikiwemo? Chai ya asubuhi imo?
6. Tukiahirisha au kufuta safari, tutarudishiwa kiasi gani, na mwisho wa kutoa taarifa ni lini?
7. Intaneti inapatikana chumbani au mapokezi tu?

Katika swali la tano, sisitizeni bei ya shilingi. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotolewa Machi 2025 zinakataza bei za huduma nchini kutajwa kwa fedha za kigeni, isipokuwa katika mambo machache yaliyoruhusiwa.

Ahadi iandikwe

Majibu ya mdomo husahaulika, na anayepokea simu leo huenda asiwepo mapokezi siku mtakapofika. Baada ya mazungumzo, tumeni ujumbe mfupi unaorudia mliyokubaliana, kisha ombeni uthibitisho. Ujumbe waweza kuwa hivi:

"Tunathibitisha vyumba 2 kwa usiku 3, kimoja kikiwa ghorofa ya chini kwa ajili ya mzee. Bei ni kama tulivyokubaliana, kodi zote zikiwemo. Tukifuta siku 7 kabla, tutarudishiwa malipo ya awali yote. Tafadhali jibu kuthibitisha."

Msitume fedha kabla ya jibu kufika. Mnapotuma, angalieni jina linalotokea kwenye simu. Likiwa ni la mtu binafsi badala ya jina la hoteli, simamisheni muamala na mpige simu kuulizia. Hifadhini ujumbe wa muamala, tangazo lenyewe na stakabadhi hadi safari iishe.

Mkifika

Ombeni kukiona chumba kabla ya kusaini kitabu cha wageni na kabla ya kumalizia malipo. Fungueni maji, washeni kiyoyozi, jaribuni kitasa cha mlango, na muulize njia ya kutokea moto ukizuka, kwani katika nyumba yenye ngazi moja na ujia mwembamba jambo hilo ni la uhai. Kisichoafikiana na makubaliano kisemwe papo hapo, kwa upole na kwa ushahidi wa ujumbe ule.

Pa kupeleka malalamiko

Anzeni kwa meneja wa hoteli, na mwombeni jibu la maandishi. Asipolitatua, kumbukeni kwamba malalamiko hufuata mahali huduma ilipotolewa. Kwa hoteli ya Unguja, mahali pake ni Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar. Kwa nyumba za wageni za Tanzania Bara, zikiwemo za Kibiti na za kando ya Barabara ya Kilwa, mahali pake ni Tume ya Ushindani (FCC), chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, ambayo inakataza kumpotosha mlaji kwa maneno au matangazo. Katika pande zote mbili, pelekeni nakala za tangazo, ujumbe na stakabadhi. Mlalamikaji asiye na karatasi hubaki na neno lake dhidi ya neno la mwenzake.

Maswali ya kujipima

1. Tangazo linasema "karibu na bandari". Ni swali gani litakalogeuza maneno hayo kuwa ahadi inayopimika?
2. Katika mfano wetu, ni malalamiko yapi yangepata nguvu iwapo familia ingeuliza kabla ya kulipa?
3. Mmekubaliana bei kwa simu, na hoteli inawataka mtume malipo ya awali leo hii. Mtafanya mambo gani mawili kwanza?