Pikapu ya Zamani na Trela ya Ng'ombe

Swali: Pikapu yangu ni ya miaka mingi. Je, naweza kuvuta trela yenye ng'ombe watatu kutoka Kulesa hadi mnadani Garsen?

Jibu: Waweza, ndugu yangu, ila piga hesabu kwanza. Ng'ombe watatu wa kilo 300 ni kilo 900, na trela ina uzito wake. Jumla isizidi kiwango cha mtengenezaji wa gari. Kagua breki, tairi, na kutu pale trela inapounganishwa na chesisi. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela pamoja na mzigo iegemee kwenye kiungo hicho. Mzigo ukilalia nyuma, trela huyumba. Funga minyororo ya usalama. Nenda polepole. Mvua ikinyesha, udongo wa kando ya Mto Tana huteleza sana: ahirisha safari.