FUNDISHO: NDUGU AMBAYE AKILI YAKE IMEVURUGIKA

Masomo: 1 Wafalme 19:1-8



Nabii Eliya alikuwa mutu wa nguvu. Lakini kisha kutishwa na Yezebeli alikimbilia jangwani, akaikaa chini ya muti, akaomba afe. Tuangalie malaika alifanya nini. Hakumukaripia, hakumwambia kwamba imani yake ni ndogo. Alimugusa, akamupa mukate na maji, akamwacha alale tena. Akarudi mara ya pili. Kiisha Eliya akapata nguvu ya kutembea siku 40.

Fundisho hili linatuhusu, maana katika vyumba vya maombi tunaona wagonjwa wanaofungwa kamba na kunyimwa chakula, eti wanafunga. Tuache desturi hiyo. Tufanye hivi:

1. Mutu mumoja aseme naye kwa sauti ya chini. Wengine wasogee mbali. Akisema anasikia sauti, tusibishane naye, wala tusimucheke.

2. Kama amekata tamaa, tumuulize wazi: «Unafikiri kujiua?» Ulizo hilo halimutii wazo jipya, linamufungulia mulango wa kusema. Tusimwache peke yake. Tuondoe visu, kamba na dawa ya wadudu.

3. Tumupe maji na chakula, tumutafutie pahali patulivu pa kulala.

4. Tumupeleke kwa munganga. Kama ana homa, twende saa ile ile: malaria ikipanda kichwani inaua haraka. Mama aliyetoka kuzaa akivurugika, vilevile tusikawie, na mutoto asibaki naye peke yake. Bukavu kuna SOSAME, na Lubumbashi kuna kituo cha Docteur Joseph Guislain. Mahali pengine tuanzie kwenye kituo cha afya kilicho karibu.

5. Mwenye karama ya unabii asimwamuru mugonjwa aache dawa. Dawa ikiachwa kwa rafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu kuliko mbele. Maombi na dawa havigombani: malaika yule alitumwa na Mungu, na alileta mukate.

Tukumbuke pia jamaa wanaokesha naye. Tugawane usiku kwa zamu, kusudi mama wa nyumba naye alale.

Na akipata nafuu, tusimwite tena «kichaa». Tumurudishie nafasi yake kanisani. Kama alikuwa mwimbaji, aimbe.

Ulizo la kujifunza kwa vikundi: katika mutaa wetu, ni nani aliye chini ya muti leo, na nani atamupelekea mukate?