Mguu, Sakafu na Mnyama: Kijitabu cha Kupambana na Funza katika Vijiji vya Wafugaji

Kijitabu hiki ni cha wazazi, walimu, wazee wa kijiji na wahudumu wa afya ya jamii wanaoishi mbali na zahanati. Asiyejua kusoma asomewe. Ujumbe wake ni mmoja: funza ni mdudu, si laana wala uchawi, na hatamalizwa kwa pini. Atamalizwa mguu, sakafu na mnyama vikitibiwa pamoja.

1. Funza ni nani?

Funza, ambaye wengine humwita tekenya au jiga, ni kiroboto mdogo kuliko viroboto wote. Kabla ya kuingia mwilini ana urefu wa milimita moja hivi. Jike hujipenyeza kwenye ngozi na kuacha sehemu yake ya nyuma tu ikichungulia nje. Kupitia tundu hilo dogo anapumua, anatoa kinyesi na kutaga mayai.

Akishaingia, anavimba. Katika wiki mbili hivi anakuwa mkubwa kama punje ya njegere, na mayai yake, kwa mamia, yanadondoka ardhini. Baada ya wiki nne hadi sita tangu aingie, anakufa papo hapo ndani ya ngozi. Huko chini mayai yanaanguliwa, viluwiluwi vinakula taka za vumbini, na baada ya wiki tatu au nne funza wapya wako tayari kutafuta miguu.

Kwa hiyo unayemwona mguuni ni mmoja tu wa ukoo mkubwa. Ndugu zake wako kwenye vumbi la chumba unacholala.

2. Alifikaje Afrika?

Asili ya funza ni Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi, na hadi leo anazitesa jamii za wenyeji wa asili katika misitu ya Amazoni. Mwaka 1872 meli iitwayo Thomas Mitchell ilitoka Brazili ikiwa na mchanga wa kuipa uzito, ikatia nanga Ambriz, Angola. Funza walishuka pamoja na mchanga huo. Misafara ya wapagazi, wafanyabiashara na askari ikawabeba kutoka kijiji hadi kijiji, na kabla ya karne ile kwisha walikuwa wamefika pwani ya Afrika Mashariki.

Tunaeleza haya kwa sababu familia nyingi zenye funza huambiwa zimerogwa, zimelaaniwa au ni za watu wachafu. Mdudu aliyeletwa na meli hachagui ukoo. Anakaa pale anapopata vumbi kavu, sakafu ya udongo na mguu mtupu.

3. Dalili

Funza haruki juu sana, ndiyo maana karibu wote hukutwa miguuni: pembeni mwa kucha, kati ya vidole, kwenye kisigino na kwenye wayo. Wanaolala chini hupata hata mikononi, viwikoni na matakoni.

Tazama yafuatayo:

- Kitone chekundu kinachowasha, hasa usiku.
- Uvimbe mweupe wenye nukta nyeusi katikati.
- Maumivu mtu akivaa kiatu au akikanyaga.
- Gamba jeusi funza anapokuwa amekufa.

Wakiwa wengi, vidonda vinaingia usaha, kucha zinang'oka na vidole vinapinda. Mtoto anatembelea visigino au pembe za miguu, kisha anaacha shule, si kwa uvivu bali kwa sababu njia ni ndefu na kila hatua inauma. Mzee asiyeweza kuona vizuri wala kuinama hubaki ameketi, na funza wanaongezeka.

4. Mambo ya kuacha leo

*Usichokonoe kwa pini, mwiba wala wembe.* Mara nyingi funza hupasukia ndani na kidonda kinaoza. Kidonda kama hicho ni mlango wa pepopunda. Na pini moja ikizungushwa kwa watoto wote wa boma, inaweza kupitisha virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

*Usipake mafuta ya taa, maji ya betri wala dawa ya kuogeshea mifugo.* Vinaunguza ngozi, na vingine ni sumu inayoingia mwilini.

*Usimkamate mtoto kwa nguvu ukamtoboa huku analia mbele za watu.* Kesho ataificha miguu yake, na aliyeificha hatibiwi.

5. Tiba

Tiba inayofaa zaidi ni mafuta mepesi ya dimetikoni. Si sumu. Yanatiririka na kuingia katika tundu ambalo funza anapumulia, yanaliziba, naye anakufa. Mhudumu huosha mguu kwa maji na sabuni, huukausha, kisha hudondosha matone kwenye kila nukta nyeusi na kurudia kadiri alivyofundishwa. Funza aliyekufa aachwe. Ngozi itamtoa yenyewe siku zinavyopita. Wakati wa kupaka, kaeni mbali na moto.

Katika sehemu nyingi miguu huloweshwa kwenye maji ya permanganeti ya potasiamu. Hiyo husaidia, lakini si sana. Utafiti uliofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 2014 ulilinganisha dawa hizi mbili kwa watoto. Baada ya siku saba, dimetikoni ilikuwa imewaua funza 78 kati ya 100, na permanganeti 39.

Mpeleke mgonjwa kituo cha afya haraka ukiona usaha mwingi, homa, mguu kuvimba, au taya kukaza. Uliza pia kama chanjo yake ya pepopunda imekamilika.

6. Sakafu na mnyama

Tiba ya mguu peke yake ni kama kukausha maji huku chombo kinavuja. Kwa hiyo:

- Nyunyizia maji sakafuni kabla ya kufagia, ili vumbi litulie, na fagia kila siku.
- Ziba nyufa za sakafu. Ishindilie na kuikandika upya, au weka saruji mkiweza.
- Anika mkeka au ngozi ya kulalia juani mara kwa mara, na uukung'ute nje.
- Tenga mahali pa kulala watu na mahali pa mifugo.
- Kagua kwato na makucha. Nguruwe, mbwa, paka, mbuzi na ng'ombe hubeba funza, na panya pia. Mwombe ofisa mifugo dawa inayofaa kwa wanyama.
- Vaa viatu. Lakini ukivivua ndani ya chumba chenye funza, kinga imeishia mlangoni.

Funza huzidi wakati wa kiangazi. Anzeni kazi mvua zinapokwisha, msingoje miguu ijae.

7. Mfano wa Napak

Wilaya ya Napak iko Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, nchi ya wafugaji wa Kikaramojong. Mwaka 2021 watafiti waliwapima watu zaidi ya 5,000 katika vijiji 17. Katika kila watu 100, wapatao 63 walikuwa na funza, na mifugo yao pia ilikuwa nao. Basi watu wakatibiwa kwa dimetikoni, wanyama na mazingira vikashughulikiwa, na elimu ikatolewa vijijini. Baada ya miaka miwili ugonjwa ulikuwa umepungua sana, na wagonjwa walioathiriwa vibaya na funza hawakuonekana tena.

Napak haikuhama, wala watu wake hawakuacha ufugaji. Kilichobadilika ni kwamba mguu, sakafu na mnyama vilitibiwa kwa pamoja, kijiji kizima, bila kumtenga mtu.

8. Nani afanye nini?

*Mzazi:* kagua miguu ya watoto kila jioni kabla giza halijaingia.

*Mwalimu:* usimfukuze mwenye funza. Mpe kiti, na umwite mhudumu wa afya.

*Mzee wa kijiji:* sema barazani kwamba funza si laana. Neno lako linaondoa aibu zaidi kuliko kijitabu hiki.

*Mhudumu wa afya:* anzia kwa wazee wanaoishi peke yao na walemavu. Ndio wanaougua zaidi, na ndio wasioweza kukufuata.

*Jirani:* yupo mtu ambaye hujamwona kisimani siku nyingi. Nenda ukamjulie hali, uchukue maji na sabuni, na uombe kuiona miguu yake.